Siku Baba alipovua viatu katika duka la vigae

Ukitaka kujua tabia za watu wa nyumba moja, usiwape siasa wala urithi wabishanie. Waambie wachague vigae. Kuna atakayetaka vyeupe pe kwa sababu jirani anavyo, kuna atakayeuliza bei kabla hajauliza rangi, na hakosi mmoja wa kusema kwamba sakafu ya saruji imewatosha watu miaka yote na itawatosha hata sasa. Kwetu watu hao wote walikuwako, na mmoja wao alikuwa akipiga simu kutoka Doha.

Nyumba yenyewe iko mtaa wa Umoja hapa Nairobi, katika zile zilizojengwa miaka ya 1970. Wazazi wangu wameishi humo tangu kabla sijazaliwa. Sakafu yake ilikuwa ya saruji nyekundu ambayo Baba aliimwaga na kuipiga mwiko kwa mikono yake mwenyewe mwaka wa 1987, siku zile alipokuwa mwashi wa Shirika la Reli. Msomaji uliyekulia Eastlands huhitaji kuelezwa sakafu ya namna hiyo. Kila Jumamosi ilipakwa polishi nyekundu, kisha sisi watoto tukaburutana juu ya blanketi kuukuu kutoka mlangoni hadi jikoni mpaka ikang'aa ukaweza kujitazama. Mgeni aliyeingia na soksi alikuwa na bahati akifika kwenye kiti salama.

Bafuni hapakupakwa polishi, lakini sabuni na maji ya miaka yote hiyo vilikuwa vimeilamba saruji mpaka ikawa laini kama jiwe la mtoni. Mwezi wa Aprili, asubuhi moja ya mvua, Baba aliteleza humo akavunjika kifundo cha mkono. Ana umri wa miaka 74. Daktari alisema tumshukuru Mungu kwamba alijikinga kwa mkono, kwani mfupa wa nyonga ukivunjika kwa mtu wa umri huo ni habari nyingine kabisa. Sikuwa nikijua kwamba kuanguka tu, kuanguka huku kwa kawaida, huua watu wengi hivyo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya kuanguka, na wengi wao ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60.

Tena Baba ana glakoma, ule ugonjwa ambao watu wengi huuita presha ya macho. Kinyume na wanavyodhani wengi, ugonjwa huo haumfanyi mtu aone giza tupu mara moja. Aghalabu huanza kula pembeni polepole, hata mgonjwa akabaki kama anayechungulia dunia kwa tundu la ufunguo. Baba anaweza kukusomea kichwa cha habari gazetini, lakini kiti kilicho ubavuni mwake hakioni. Kidato cha mlango hukitafuta kwa ncha ya kiatu.

Kuvunjika mkono kulipona kwa wiki saba. Jambo ambalo halikupona ni kwamba tangu siku hiyo Mama aliingia naye bafuni kila alipooga. Hakuna aliyelizungumzia jambo hilo waziwazi. Tuliona tu kwamba mzee aliyekuwa akioga kila alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajawika, sasa alikuwa na visababu. Leo kuna baridi. Leo maji hayana nguvu. Leo nitaoga jioni. Jioni ikifika alikuwa tayari amelala. Mwanamume aliyejenga stesheni nzima kwa mwiko wake sasa alikuwa anashikwa bega na mkewe ili asuguliwe mgongo, mlango ukiwa wazi wajukuu wasije wakafungiwa nje ya choo. Nilimwona siku moja ametoka humo akiangalia chini, nikajua kwamba sakafu hiyo lazima iondoke.

Nilipompigia simu mdogo wangu kule Doha, hakusita. Alituma Sh120,000, na pamoja na pesa alituma picha. Msomaji, zile picha! Sakafu za hoteli, nyeupe, kila kigae ukubwa wa meza, zimeakisi taa za darini kama ziwa lililotulia. "Dada, nunua vya sentimita 60 kwa 60, vyeupe, vya kung'aa, kuanzia sebuleni hadi bafuni," alisema. "Nataka Mama akipata wageni wajue ana mtoto ng'ambo."

Simlaumu. Anayetuma pesa kutoka mbali hana njia nyingine ya kuingia nyumbani isipokuwa kwa picha, na picha haitelezi.

Kabla ya kwenda dukani nilimwita fundi wa mtaani aje apime. Alizunguka vyumba kwa hatua, hakutoa hata futi mfukoni, akasema sebule na ujia vitahitaji katoni 22 za vigae vya sentimita 40 kwa 40, na kwamba anajua duka moja zuri ambako wakimwona watatupunguzia. Baba, aliyekuwa ameketi kwenye kochi lake huku tukidhani amesinzia, aliagiza futi yake ya zamani iletwe. Tulipima. Sebule ilikuwa mita 4 kwa 5, na ujia mita 6 za mraba. Jumla mita 26. Ukiongeza sehemu moja kwa kumi kwa ajili ya vitakavyokatwa na kuvunjika unapata 28.6. Katoni ya vigae hivyo huwa na vipande 12, yaani mita 1.92 za mraba. Gawanya. Ni katoni 15, wala si 22. Yule fundi alisema yeye alikuwa "anakadiria tu". Katoni saba! Kuna maduka ambayo humpa fundi chochote kwa kila katoni anayoleta mnunuzi wake, na anayelipia chai hiyo si mwenye duka. Tulitafuta fundi mwingine.

Jumamosi iliyofuata tulishika njia, mimi na Baba, kuelekea Eneo la Viwandani. Mama alikataa kuja. Alisema vigae vyovyote vitamfaa mradi visiwe vya kusuguliwa kwa burashi, kisha akarudi kwenye maharagwe yake.

Duka la vigae ni mahali pa ajabu. Kwanza vigae vyote vimesimamishwa. Vimebandikwa kwenye mbao kama picha, taa zinavimulika kutoka juu, na wewe unapita mbele yake kama mtu aliye katika makumbusho. Kitu ambacho kitakanyagwa maisha yake yote unauziwa kikiwa wima, kikavu, kimepanguswa vumbi. Nilijikuta hata mimi nimesimama mbele ya kimoja cheupe chenye mishipa ya kijivu, wamekitengeneza kifanane na marumaru, na mkono umekwisha kwenda kwenye mkoba. Kijana muuzaji aliniambia hicho ni poseleni, kimetoka China, Sh2,300 katoni, vipande vinne tu. Nilipiga hesabu kichwani. Vipande vinne vya 60 kwa 60 ni mita 1.44, kwa hiyo sebule na ujia peke yake vingekula katoni 20, yaani Sh46,000.

"Kiweke chini," akasema Baba.

Kijana alidhani hakusikia vizuri. Baba alirudia. Kigae kikawekwa sakafuni, na kingine kando yake. Kisha Baba akaketi juu ya mrundo wa katoni, akavua kiatu cha kulia, akavua soksi, akaikunja na kuitia ndani ya kiatu, akaomba maji.

"Ya kunywa, mzee?"

"Ya kumwaga."

Chupa ikaletwa. Baba akamimina maji juu ya kigae, akanishika mkono, akasimama, na kuweka unyayo wake pale. Unyayo wa mzee aliyefanya kazi ya saruji ni kitu cha kutazamwa, kisigino kimepasuka kama ardhi ya kiangazi. Aliusogeza mbele kidogo. Uliteleza kama sabuni. Aliurudisha, akakaa, akasema kwa upole, "Hiki ni cha kuangalia."

Kijana, na hili lazima nimsifu, hakucheka. Alienda akaleta kingine, kisha kingine. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichagua sinki aliacha sinki zake akaja kutazama, na baada ya vigae vitatu alikuwa naye amevua ndara. Tulimwaga chupa mbili nzima. Cha tano kilikuwa cha 30 kwa 30, cha kijivu iliyokolea, uso wake una chengachenga kama msasa uliochakaa. Baba aliweka mguu, akausukuma, ukakataa kwenda. Akasukuma tena. Akatabasamu.

Nilimwuliza kijana namba ya kigae hicho. Vigae vya sakafu hupimwa kwa utelezi, na vipimo vinavyotajwa sana ni vile vya Kijerumani. Huandikwa herufi R na namba, kuanzia R9 hadi R13, na namba ikiwa kubwa kigae kinashika zaidi. Lakini kipimo hicho hufanywa kwa mtu aliyevaa viatu. Kwa miguu mitupu kuna kipimo kingine chenye herufi A, B na C, na B ndiyo inayofaa mahali pa kuogea. Katoni yetu haikuandikwa lolote. Kijana aliigeuza pande zote, akapata namba ya rangi, idadi ya vipande na uzito, basi. Ikawa unyayo wa Baba ndio maabara.

Baba hakuwa amemaliza. Alitaka kile cha kijivu kiwekwe chini, na kigae cheupe cha ukutani kisimamishwe nyuma yake, halafu akarudi hatua tatu. "Hapa naona," alisema, akionyesha kwa bakora mahali viwili hivyo vilipokutana. Kisha akaomba kile cha kijivu kiondolewe kiwekwe cheupe. "Hapa sioni." Niliinama nikatazama kwa jicho moja, nusu nimelifumba. Ni kweli. Sakafu nyeupe, ukuta mweupe, choo cheupe: mtu ambaye macho yamefifia huona wingu moja, hajui ukuta unaanzia wapi wala choo kiko umbali gani. Na kile chenye maua meusi ambacho mimi nilikipenda alisema kinamletea mashimo. Miaka sita nimekuwa nikimpeleka kliniki ya macho, na sikuwahi kumwuliza sakafu inaonekanaje.

Hapo nilifikiria jambo ambalo labda halihusu, lakini nitalisema. Neno kigae, kabla halijawa la sakafu wala la paa, ni kipande cha chungu kilichovunjika. Huko pwani yetu poseleni iliingia karne nyingi kabla ya duka lolote la Eneo la Viwandani. Ukifika Mambrui, kaskazini ya Malindi, kuna kaburi la nguzo ambalo lilipachikwa mabakuli ya China, na katika nyumba za mawe za Lamu waliyapanga kwenye zidaka ukutani, mgeni akiingia ayaone. Watu wale walikuwa na poseleni na walikuwa na sakafu, na hawakuona haja ya kuvikutanisha.

Nilipompigia simu mdogo wangu kumpa habari, nikamtumia na picha, kimya chake kilikuwa kirefu. "Dada," alisema hatimaye, "hivyo ni vigae vya choo cha stendi." Nilimweleza kuhusu maji na mguu. Alisema tununue vinavyong'aa kisha tuweke mkeka wa mpira. Nilimwambia mkeka wa mpira juu ya kitu kinachoteleza ni mtego wa pili juu ya wa kwanza, kwani ncha yake hujikunja na asiyeona pembeni hujikwaa. Alisema yeye ndiye anayelipa. Sikuwa na jibu la hilo, kwa sababu ni kweli.

Baba alinyoosha mkono, nikampa simu.

"Baba," alimwambia mwanawe, kama alivyomwita tangu utotoni, "pesa ni zako na miguu ni yangu. Nataka kuoga peke yangu."

Nilisogea nikajifanya ninaangalia sinki. Sijui upande wa pili ulijibu nini, ila waliongea kwa muda, na Baba aliporudisha simu alisema, "Amekubali. Lakini ukutani anataka vya kung'aa." Na kwa nini asipate? Ukutani hakuna atembeaye, na cha kung'aa hupanguswa sabuni kwa kitambaa mara moja. Tulichukua vyeupe vya 25 kwa 40, katoni 10, Sh1,450 kila moja.

Kwa faida ya yeyote anayekwenda dukani mwezi huu, niseme machache ambayo kijana yule alinifundisha tulipokwisha kuwa marafiki. Kigae cha ukutani usikubali kukiweka chini hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa, maana hakikutengenezwa kubeba uzito. Geuza kigae, mwagia tone la maji mgongoni. Seramiki ya ukutani itameza maji hayo ukiwa unatazama, kwani hunyonya zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, ilhali poseleni halisi haipiti nusu ya asilimia moja na tone hubaki limekaa. Weka viwili uso kwa uso. Vikicheza kama sahani zilizopinda, rudisha. Soma namba ya rangi kwenye kila katoni, si katoni ya juu tu, kwa sababu jina linaweza kuwa moja na rangi zikapishana, na hilo utaligundua gundi ikiwa imekwisha kukauka. Bei uliza kama imetia VAT, kwani asilimia 16 si ndogo. Na usidharau vya humu nchini. Kuna kiwanda cha Saj huko Athi River na cha Twyford kaunti ya Kajiado, na faida yake kubwa kwangu ni kwamba ukipungukiwa na katoni moja hungoji meli.

Vya sebuleni na ujiani tulichukua vya 40 kwa 40, rangi ya mchanga, visivyong'aa, katoni 15 kwa Sh1,900. Vya bafuni chini katoni tatu, Sh1,500 kila moja. Jumla ya vigae vyote Sh47,500. Udogo wa vile vya bafuni, Baba alinieleza njiani tukiwa ndani ya pikapu, si hasara. Kigae kidogo hufuata mteremko wa maji bila kukatwakatwa, na viungo vikiwa vingi mguu unapata pa kushika.

Kazi ya fundi sitaisimulia yote. Ilichukua siku tisa, Sh300 kwa mita, na vumbi lililoingia hadi ndani ya sukari. Ila siku ya kwanza siwezi kuiruka. Gundi haishiki juu ya polishi ya miaka zaidi ya 30, kwa hiyo sakafu yote nyekundu ilibidi itobolewetobolewe kwa nyundo na patasi kwanza. Nilitaka Baba apelekwe kwa shangazi siku hiyo. Alikataa. Aliketi mlangoni akisikiliza, na kila nyundo ilipogonga alisema, "Ngumu hiyo," si kwa huzuni, kwa kujisifu hasa. Saa nne fundi alisimama kujipangusa jasho akauliza ni nani aliyepiga sakafu hii. Nadhani ndilo swali ambalo mzee alikuwa amelingoja tangu asubuhi.

Katika pesa zilizobaki tulimwendea fundi wa kuchomelea akatutengenezea vishikio viwili vya bomba, kimoja kando ya choo, kimoja chini ya bomba la kuogea. Baba alitaka vipakwe rangi nyekundu ili avione. Vikapakwa.

Mama hajakipenda kigae cha kijivu hadi leo. Anasema sabuni hukaa katika zile chenga, na anasema kweli, hukaa. Inabidi kisuguliwe mara mbili kwa wiki. Mdogo wangu alikuja likizo mwezi wa Desemba, akaingia bafuni, akatoka, akasema ukuta ni mzuri.

Lakini asubuhi ile ya kwanza, baada ya viungo kukauka, nilikuwa nimelala huko. Nilisikia bakora ikipita ujiani kabla hakujapambazuka, kisha mlango wa bafu ukifungwa, kisha komeo. Mama alikuwa ameamka tayari. Alisimama nje ya mlango na taulo mkononi, hasemi kitu, sikio karibu na ubao. Maji yalimwagika kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi katika mtaa wenye mgao wa maji. Hatimaye komeo likafunguliwa, na Baba akatoka amevaa shati lake, vifungo vimepishana kimoja.

"Na sasa nani ataisugua hiyo sakafu?" Mama akauliza.

Baba akamwambia burashi iko nyuma ya mlango.